Diski Namba Ishirini na Saba

Siku mliyoniaga kwa keki na kitenge, mmoja wenu alinishika mkono akasema, "Mama Ndeshi, tuandikie basi, usiondoke na vitu vyote kichwani." Nilimjibu kwamba kichwani sina vitu vingi, nina diski moja tu. Mkacheka, nikawaacha mcheke. Sasa niko nyumbani Rau, nina meza na kiti, na hakuna anayeniita chumba cha seva kwa sababu panya kang'ata waya. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vyangu mlivisoma kwenye hotuba, na vingine mimi mwenyewe nilikuwa nimevisahau.

Kazi niliianzia Majengo, kwenye kibanda cha Fundi Bakari, wakati bidhaa za nje zilipoanza kuruhusiwa tena na redio kaseti zikawa zinashushwa Himo kila wiki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na baba alitaka nisomee ualimu. Siku ya kwanza Fundi Bakari hakunipa bisibisi. Alinipa redio iliyokufa akaniambia niinuse. Nilidhani ananitania kwa sababu ni msichana.

"Inanukaje?"

"Inanuka vumbi, Fundi."

"Nusa tena, binti. Kilichoungua kina harufu yake. Ukishaijua hutahangaika kufungua kisichoumwa."

Nilinusa redio wiki nzima. Wateja walipita wakinitazama, na mama mmoja alimwuliza Fundi kama nimepelekwa pale kwa matibabu.

Alikuwa na tabia nyingine mbili ambazo nilizichukua, moja mapema na nyingine nikiwa nimechelewa. Ya kwanza, hakutupa kifaa kibovu. Kila kimoja kilikuwa na karatasi iliyobandikwa mgongoni, imeandikwa siku kilipoletwa, ugonjwa wake, na kiungo gani bado kizima. Aliandika kwa penseli, kwa sababu wino ulikuwa ukififia kwa unyevu wa masika. Ya pili, alijua kuacha. Nilimwona akifunga televisheni ya mteja iliyobaki kidogo tu ipone, akairudisha rafuni. "Nikiendelea na vifaa hivi nitaiua," alisema. "Ngoja nipate kifaa chake." Mimi kuacha sikujua. Nilikuwa mtu wa kung'ang'ana, na nilijivunia hivyo.

Video zilipoingia nilihamia studio ya Bosi Evarist, mtu mwenye maneno mengi na kamera moja. Tulipiga harusi, kipaimara, mazishi na vikao vya ukoo, kuanzia Machame hadi Rombo. Kamera niliibeba mimi, maana Bosi alikuwa akisahau kurekodi pindi anapoona nyama ya kuchoma. Baadaye televisheni binafsi ziliporuhusiwa, akafungua kituo cha kusambaza picha kwa waya mjini Moshi na vitongoji vyake. Mpango wake ulikuwa mzuri kweli: mtu anapiga simu, anaomba picha ya harusi yake, sisi tunairusha saa anayotaka, na ukoo mzima unakaa mbele ya televisheni. Mji uliupenda. Kanda ndizo hazikuupenda. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili, zimejaa hadi chooni, na kila masika ukungu mweupe ulizila kuanzia pembeni.

Muuzaji mmoja kutoka Nairobi alituletea karatasi ya seva ya video: kabati zima, diski zake za kasi, na mashine yake ya ubaridi. Bosi aliisoma bei, akaikunja karatasi mara nne, akaniuliza kama naweza kutengeneza kitu cha namna ile kwa kompyuta za kawaida. Nilisema naweza. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Nilikaa na kalamu siku nyingi. Nikagundua kitu ambacho leo kila mmoja wenu anakijua: picha ya video haina haraka. Inasomwa kwa mstari mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole. Diski za kasi ni za benki, ambako watu mia wanadai vitu mia tofauti kwa sekunde moja. Anayeangalia harusi ya dada yake anahitaji diski kubwa na rahisi, basi. Kwa hiyo nilinunua diski za kompyuta za nyumbani, katoni nzima kwa mfanyabiashara mmoja, nikazigawa makundi mawili. Picha zinazoombwa sana niliziweka kwenye diski zinazozunguka mchana kutwa, na kila diski ilikuwa na pacha wake mwenye nakala ileile, mmoja akifa mwenzake aendelee. Picha zisizoombwa niliziweka kwenye diski zisizo na pacha, nikazizima, nikazipanga kwenye kabati la chumba cha nyuma. Diski iliyozimwa haili umeme, haitoi joto, haichoki. Nilijiona nina akili sana.

Ili kujua kipi kinaombwa na kipi hakiombwi, niliandika kila simu kwenye daftari, kuanzia Februari hadi Oktoba. Miezi tisa ya kazi safi. Walitaka muziki, mahubiri, mpira, na harusi za mwaka uleule. Picha za zamani hazikuulizwa na mtu. Tukazihamishia kwenye diski za kabatini, halafu tukaamua kanda zake zifutwe zirekodiwe upya, kwa kuwa kanda mpya zilikuwa ghali na chooni hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa. Karatasi ya uamuzi ule ina sahihi mbili. Ya juu ni yangu.

Sasa niambieni, Mchagga gani anapima mahitaji ya watu wa Kilimanjaro Februari hadi Oktoba, halafu anafunga daftari? Mimi mwenyewe kila Desemba nilikuwa naomba likizo nipande kwa mama Old Moshi kama watu wote. Mwaka ule wa kupima niliomba pia. Nilipanda, nikala, nikarudi Januari, na haikunijia hata mara moja kwamba kama mimi nimepanda, basi wamepanda wote.

Desemba iliyofuata ndiyo ilinifundisha. Tarehe kumi na tisa simu zilianza asubuhi na hazikukoma. Magari kutoka Dar yalikuwa yamejaza barabara, migombani kuna wajukuu waliozaliwa Mwanza wanaogopa ng'ombe, na kila ukoo unataka kujiona: mazishi ya babu, kipaimara cha yule aliye Ulaya, harusi ya shangazi kabla hajanenepa. Vyote vilikuwa kabatini. Nilitoa diski namba tatu, nikaichomeka, ikazunguka. Namba kumi na moja ikazunguka. Namba kumi na nne ilikohoa kidogo ikanyamaza. Nikabadilisha waya. Kimya. Kufikia jioni zilikuwa zimekufa nne. Kufikia tarehe ishirini na mbili zilikuwa tisa.

Chumba cha nyuma ukuta wake ulikuwa unatoka jasho tangu masika, na mimi nilikuwa nimepita pale mara ngapi, nimeuona, nimefikiria rangi. Diski zilikaa kwenye unyevu ule miezi minane bila kuwashwa hata siku moja, na kwa kuwa zote zilitoka katoni moja, udhaifu wao ulikuwa mmoja. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati lile nilipoambiwa kuna mama ananitaka mapokezi.

Nilimtambua mara moja. Alikuwa Mama Manka, kutoka juu Marangu, mjane wa Mzee Aloisi. Miaka mitano nyuma nilipanda kwao na kamera, Mzee akiwa mgonjwa, siku alipoita ukoo agawe mali yake akiwa na akili timamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua ile siku ya Mzee. Ile aliyoongea."

Alikaa kwenye benchi akanieleza kwa utaratibu, mikono imeshika pochi. Mzee alisema mbele ya ukoo kwamba kihamba chake, yaani shamba lile la nyumbani la migomba na kahawa ambalo babu zake wamezikwa humo, kinabaki kwa mke wake na binti zao wawili. Sasa mdogo wake Mzee, Deo, mwenye biashara Dar, anasema kaka yake hakusema hivyo. Anasema kihamba hakikai kwa mwanamke mwenye mabinti watupu, wataolewa kiende kwa watu. Anataka kukichukua ajenge nyumba ya wageni wa mlimani.

"Ukoo unakaa tarehe ishirini na sita," alisema. "Ishirini na nane Deo anarudi Dar. Fundi wa kupima kiwanja keshamleta."

"Na waliokuwepo siku ile?"

"Wawili tumezika. Babu Tadei yupo, lakini siku hizi hata jina langu limempotea. Waliobaki Deo anawasomeshea watoto. Nani atafungua mdomo?"

"Si nilikupa kanda yako, mama?"

"Deo alikuja mwaka juzi akaiazima, awaonyeshe watoto wake. Nikimwuliza anasema mashine iliila."

Nilifungua kitabu cha orodha. Kanda ya Mzee Aloisi: imehamishwa, imefutwa, imerekodiwa upya maandamano ya Jumapili ya Matawi. Ipo diski namba ishirini na saba. Nilimwambia Mama Manka asubiri, nikaenda nyuma, nikaichomeka. Haikukohoa hata kidogo. Nikaichomoa, nikaipindua, nikaileta puani. Miaka kumi na tano ilikuwa imepita tangu ile redio ya Majengo, na harufu ilikuwa ileile.

Bosi Evarist alikuwa amesimama mlangoni. "Mwambie hatuna," alisema. "Mwambie tulifuta."

"Tulifuta kweli, Bosi. Niliyefuta ni mimi."

"Basi si uongo."

Nilirudi mapokezi na diski mkononi nikamweleza Mama Manka jambo lote, pamoja na sahihi ya juu. Nilitegemea alie au anitukane, na ningeshukuru kwa lolote. Aliitazama ile diski.

"Kwa hiyo Mzee yumo humo ndani?"

"Yumo, mama. Mlango ndio umekwama."

"Basi mtoe," akasema, akaondoka kuwahi gari.

Asubuhi yake nilikwenda Majengo. Fundi Bakari alikuwa amezeeka, macho yana mtoto wa jicho, tena ilikuwa Ramadhani, amefunga. Aliichukua diski, akapitisha kidole juu ya bodi yake, akanusa kona moja. "Hapa," akasema. Palikuwa na kidoa cheusi kidogo kuliko punje ya ulezi. Ndani huenda diski ilikuwa nzima. Iliyoungua ni bodi ya nje inayoipa umeme. Ilihitaji bodi ya diski ya aina ileile, iliyozaliwa pamoja nayo. Hapo katoni yangu moja ikawa msaada kwa mara ya kwanza. Lakini zile tisa zilizokufa bodi zake zilikuwa na kutu. Nzima iliyoikaribia zaidi kwa namba za kiwandani ilikuwa ishirini na nane.

"Ishirini na nane ina nini?" akauliza.

"Kipaimara cha parokia mbili. Na harusi kumi na kitu."

"Ina nakala?"

"Haina."

"Kama aliyeua bodi hii yuko ndani ya diski yenyewe, atamwua na mgeni. Utabaki na maiti mbili. Kwanza hamisha vya ishirini na nane. Huwezi kupoteza watoto wa watu kwa ajili ya mzee mmoja."

Shida ni kwamba sikuwa na pa kuhamishia. Nafasi yote ilikuwa imejaa, maduka ya kompyuta mjini yalikuwa na diski ndogo tu, na Nairobi ilikuwa mbali kwa siku tatu zilizobaki. Nafasi pekee ilikuwa kwenye mapacha, wale wa picha za kurushwa Krismasi. Ningemtoa pacha mmoja, nimfute, nimjaze vya ishirini na nane. Nikamfuata Bosi ofisini.

"Ukimtoa pacha, na aliyebaki akafa kesho," alisema taratibu, kwa mara ya kwanza maneno yake yakiwa machache, "Krismasi mji mzima unaangalia kioo cheusi."

"Najua."

"Na wewe kazi huna."

"Hilo pia najua."

Alichukua koti lake akatoka. Funguo za chumba cha seva zilibaki mezani. Mpaka anauza kituo hakuwahi kuniambia kama alizisahau.

Tarehe ishirini na nne saa mbili asubuhi nilianza kuhamisha. Mnaojua nyaya za siku hizo mnajua zilivyokuwa nzito. Majina ya picha yalipita kwenye kioo moja moja, harusi hii, harusi ile, na kila moja ilipomalizika nilipumua. Saa nne umeme ukakatika. Nikawasha jenereta, nikaanza upya ile harusi iliyokatikia njiani. Saa sita ukakatika tena. Sikula, sikukaa. Kila dakika tano nilikwenda kuweka sikio kwenye diski ile iliyobaki peke yake, iliyokuwa inarusha kwaya mji mzima, na kama ingetoa mlio wowote sijui ningefanya nini. Haikutoa. Saa nane na nusu harusi ya mwisho ilipita, na Fundi Bakari alikuwa ameshafika kwa miguu, amekaa kwenye kiti changu, hajanywa maji tangu alfajiri.

Nilifungua skrubu mimi, yeye akishika na kuniongoza kwa vidole. Bodi ya ishirini na nane ikatoka, ikakaa mgongoni mwa ishirini na saba. Nikawasha. Kwa sekunde mbili tatu hapakuwa na kitu. Halafu ikaanza kuzunguka, kwanza chini, kisha ikapanda mlio wake wa kawaida.

"Sikia," alisema Fundi Bakari, anatabasamu.

Sikugusa picha nyingine yoyote. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Aloisi, nikaamuru inakiliwe. Picha yake ilikuwa ya dakika arobaini. Nilijua mpangilio wake kwa kuwa niliipiga mimi: kwanza watu wanazunguka mipaka, kisha wanarudi uani, Mzee anapewa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ndipo anaongea. Dakika ya tano ikapita. Ya kumi. Ya kumi na tano. Kwenye dakika ya ishirini na mbili ikagonga.

Mnaujua mlio ule, kichwa cha kusomea kinapojipiga ndani ya diski.

"Zima," alisema Fundi Bakari.

"Fundi, hotuba ndiyo inaanza."

"Zima, binti."

Ikagonga tena. Niliweka mkono kwenye swichi na sikuibonyeza. Nilikuwa najiambia labda itapita, labda ni jiwe dogo njiani, na huyu mama ana siku mbili. Ikagonga mara ya tatu, na hiyo ilikuwa na mkwaruzo ndani yake. Hapo nikazima. Nililia kwa sauti mbele ya mwalimu wangu, mwanamke wa miaka thelathini na tano mwenye cheti ukutani.

"Kilichobaki kimebaki," aliniambia. "Kiandikie karatasi, kingoje kifaa chake."

Krismasi ilirushwa yote bila kukatika. Nilipanda kwa mama nikiwa na dakika ishirini na mbili kwenye sidii, na sikuweza kula. Mama aliuliza nina nini, nikamweleza. Hakuelewa habari za diski, alielewa mara moja habari za kufuta.

"Umepoteza kitu cha watu. Sasa kesho unaendaje kwao mikono mitupu?"

Akatoka, akakata jani la masale mpakani, akalifunga fundo, akanipa. Wageni wenu wa Dar hawajui, kwa hiyo nitasema: masale ndiyo mmea wa mipaka yetu, anayempandia mwenzake amekubali kwamba ardhi ni yake, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Anayeletewa hakatai. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vizima vya kuhifadhi data, na hakuna kilichonieleza nifanye nini baada ya kuipoteza.

Tarehe ishirini na sita sebule ya Mama Manka ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Deo alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, wa kukumbatia watu. "Aisee fundi, karibu, kaa hapa mbele," alisema, na nilijisikia vibaya kwamba simchukii vya kutosha. Sikukaa. Nilimwendea Mama Manka mbele ya wote, nikampa jani, nikasema kanda ilifutwa kwa uamuzi wangu, diski ikafa kwa uzembe wangu, na hotuba ya Mzee haimo kwenye hii niliyoleta. Mama Manka alilipokea jani kwa mikono miwili, akaliweka juu ya televisheni.

"Washa," alisema.

"Shemeji, kama hotuba haimo tunaangalia nini?" Deo aliuliza. "Migomba?"

"Tuangalie migomba."

Kipaza sauti changu siku ile kilikuwa kimejaa upepo, kwa hiyo kilichosikika ni majani tu. Mzee Aloisi alitokea na fimbo yake, na mtu mmoja nyuma akavuta pumzi. Wakatembea kufuata mpaka. Mzee akasimama, akaonyesha chini. Mwanaume mwenye shati jeupe akainua jembe, akachimba shimo, akapokea mche wa masale kutoka kwa Mama Manka, akaupanda, akaushindilia kwa mguu. Wakasogea. Akachimba la pili. Sehemu hii nilipoipiga niliona inachosha, nilikaribia kuzima kamera kuokoa kanda. Kwenye shimo la nne mwanaume yule aligeuka, akajifuta jasho mbele ya kamera kwa mzaha, akacheka. Alikuwa Deo, mwembamba zaidi.

Kisha Babu Tadei, ambaye hakumjua mtu yeyote mle ndani, akanyoosha fimbo kwenye kioo.

"Deo, jembe langu hilo. Hukulirudisha."

Watu walicheka, Deo naye akaanza kucheka, akaishia katikati. Mashimo yalifika saba. Wakarudi uani, Mzee akakaa, akapokea mbege, akanywa, akainua uso, akafungua mdomo. Picha ikasimama hapo.

Deo alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye mstari wa masale, yamemzidi urefu sasa, anayatazama moja moja. Aliporudi hakukaa.

"Yapo saba," alisema. "Nilichimba mimi. Shemeji, kihamba ni chako, tusiliongee tena."

Akaomba mbege, akaletewa. Msamaha hakuomba. Jani la masale lililoletwa siku ile lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu.

Mama Manka alinisindikiza hadi barabarani, akanishukuru, akanibebesha ndizi ambazo sikustahili. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza, "Pale alipofungua mdomo, wewe si ulikuwa umevaa vile vya masikioni?"

"Nilivaa, mama. Nilikuwa naangalia betri. Sikumbuki hata neno moja."

"Maneno ninayo mimi," alisema. "Sauti ndiyo imeniponyoka. Nilikuwa nangoja leo niisikie."

Nilishuka mlima ule nikiwa nimeshinda na nimeshindwa, na sijawahi kujua kipi kilikuwa kikubwa. Nilirudi kazini nikabomoa mpango wangu wote. Ile zamu ya kuwasha kila diski Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ambayo mnailalamikia, imetoka hapo. Mapacha hawatoki katoni moja kwa sababu hiyo, na kila familia inapewa nakala yake bila kuombwa, maana sanduku la bibi ni ghala ambalo halili umeme wetu. Na atakayewaletea vipimo vya mahitaji visivyo na Desemba ndani yake, mrudishieni daftari lake.

Diski ishirini na saba niliiandikia karatasi kwa penseli. Miaka iliyofuata niliwaonyesha mafundi wengi, hapa na Nairobi. Wote walisema kitu kimoja: ikibadilishwa kichwa cha kusomea, kwenye hewa safi isiyo na vumbi, kuna matumaini, lakini jaribio ni moja. Kila mara nilimpelekea Mama Manka jibu hilo, na kila mara alisema, "Subiri." Nilimwelewa. Wakati diski imefungwa, Mzee bado yumo.

Mwezi uliopita aliniita. Amepita themanini, masikio yanaanza kumwacha. "Desemba hii ifunguliwe," alisema, "kabla sijawa kiziwi." Na mimi mikono yangu siku hizi inamwaga chai. Kwa hiyo kazi ni yenu.

Ipo droo ya tatu ya meza yangu ya zamani, imefungwa kwa khanga. Pembeni yake ni ishirini na nane, ambayo niliirudishia bodi yake baada ya siku ile. Bodi na kichwa chake ni vizima, ndivyo mtakavyotumia. Tumieni lile kabati la hewa safi mlilojenga mwaka jana, na msimruhusu meneja aingie na simu yake kupiga picha. Anzeni kwenye dakika ya ishirini na mbili, yaliyotangulia tunayo. Mama Manka atapiga simu kila Ijumaa. Msimwambie mnaendelea vizuri, hilo nimemwambia mimi miaka mingi. Mtajieni dakika mliyofikia.

Na ikigonga, zimeni mara ya kwanza.